Mtu wa Kwanza Kupiga Kula

Navakholo,
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Mitchel, mpwa wangu, mwalimu wa watoto wa Voi,

Pokea salamu za khotsa wako, mjomba halisi ambaye hana nakala. Jescah mke wangu anakusalimu, ng'ombe amezaa ndama wa kike, na miwa imenifika kifuani, na wewe unajua kifua changu kiko juu. Mwambie mama yangu, aliyekuja huko kukusaidia kulea, kuku wake wote wako sawa, isipokuwa jogoo mmoja aliyehama. Nadhani amepata kazi Kakamega mjini. Na huyo mtoto wako Mark mshike mguu umwambie babu yake amemwona hata kabla ya kumwona.

Sasa unajiuliza, Philip Osundwa mwenye simu mbili anaandikanga barua tangu lini? Keti chini. Mtoto mpe mama kwanza.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Sijalewa. Niko na sweta ya kijani na suruali ya kijivu, shule ya kutwa hapa juu ya soko. Trela nimeacha, mgongo ulikuwa unalia kuliko injini. Nikakaa nyumbani nikawaza: mtu amekanyaga Afrika kwa tairi kutoka Mombasa mpaka Juba, na hajui kwa nini imekatwakatwa namna hii. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikasema niliachia kidato cha pili, nataka kuendelea palepale. Akafikiri nimeleta mtoto.

Somo langu ni Historia. Mengine nayavumilia. Juzi Madam Jeruto, msichana wa Eldoret ambaye naweza kumzaa mara mbili, alifundisha mkutano wa Berlin, wale wazungu waliochora mipaka kwa rula. Nikainua mkono. Nikasema, Madam, hiyo mistari naijua yote, nimelala juu yake. Walichora mpaka wa Malaba bila kuweka choo. Nimekaa kwa foleni ya hapo mpaka nikaota ndevu za watu wawili. Darasa likaanguka kwa kicheko. Hata Madam alijificha nyuma ya kitabu.

Lakini akaniambia ukweli: mkono wangu umezoea usukani, kalamu unaiendesha kama iko na mzigo. Mtihani utaisha nikiwa bado kwa swali la mwanzo. Kwa hivyo ameniamuru niandikie mtu barua ndefu, kwa mkono, na huyo mtu anijibu kwa mkono. Nimekuchagua wewe. Usiniulize kama unataka.

Sasa neno lenyewe. Kila mwanafunzi ametumwa kwa mzee wa kwao amuulize jinsi watu walivyochagua serikali mwaka wa sitini na tatu, kabla ya Uhuru. Habari itakayoshinda itasomwa Siku ya Historia, Ijumaa kabla ya Madaraka, mbele ya chifu na wazazi. Mimi sikungoja. Nilisimama nikasema baba yangu Osiako ndiye mtu wa kwanza kupiga kula katika lokesheni yetu nzima. Hiyo habari tumekua nayo. Sasa Madam anataka shahidi, na shahidi aliyebaki ni mama, na mama uko naye.

Muulize polepole, akiwa amefurahi. Ila usimwambie ni ya shule. Mwambie ni mambo ya ukoo.

Wako mwenye vumbi la chaki,
Khotsa Philip


Voi,
Jumapili, 23 Februari 2025

Khotsa wangu,

Barua yako ilikuja nikiwa darasani na nikacheka mbele ya watoto, sasa wanadhani nina ugonjwa. Hatujambo. Mark ameanza kujigeuza. Kukhu mama yako yuko sawa, ila amegombana na wali wa nazi, anasema ni chakula cha mtu ambaye meno yamemkataa. Anaulizia ugali wa kwenu, obusuma bwa mtama, kila siku. Maji ya hapa pia yanamkasirisha.

Hongera. Nimesema mapema kwa sababu nataka kukusahihisha. Umeandika "kupiga kula". Ni kura, na R. Kula ni ile unayofanya ukiwa na kisu na nyama. Ukiandika hivyo kwa mtihani utampa msahihishaji njaa.

Nimemuuliza Kukhu. Alikuwa anakunywa uji. Alicheka mpaka uji ukamwagika kwa leso, akafuta macho, kisha akasema, "Mwambie Philip aachane na hiyo maneno." Sasa hilo ni jibu gani? Nikamuuliza tena jioni, akajifanya anambembeleza mtoto, na mtoto alikuwa amelala.

Jambo lingine. Anauliza kwa nini siku hizi mchana simu zako zote mbili zimezimwa. Nimesema mtandao wa Navakholo ni mbaya. Khotsa, mimi ni mwalimu, sipendi kudanganya mtu wa miaka themanini. Kwa nini hutaki ajue?

Mpwa wako,
Mitchel


Navakholo,
16 Machi 2025

Mwalimu wangu mwenye kalamu nyekundu,

Nimechelewa kwa sababu ya mitihani na kwa sababu ya ndama, na katika hao wawili ndama ndiye alinishinda. Huku mvua imeanza. Jescah amepanda mahindi peke yake kwa sababu mumewe yuko na kazi ya ziada ya nyumbani. Anawaambia wanawake wa kanisa, "Wangu yuko darasani," halafu wanamuuliza ni mtoto yupi.

Kuhusu L na R: sisi huku hizo herufi ni ndugu wa tumbo moja, yule atakayefika kwanza tunamkaribisha. Lakini nimekusikia. Kura. Kura. Kura. Umefurahi?

Darasani niko juu. Tulipofika kwa Kongo nilifundisha mimi. Madam alikaa dawati langu na Shantel, yule msichana ninayekaa naye ambaye ananifungulia kamusi, nikachora kwa ubao njia yote kutoka Kampala mpaka Bukavu, na mahali pa kula samaki, na mahali ambapo usisimame hata ukisimamishwa na bibi harusi. Swali la mtihani halikuuliza samaki. Ni hasara yao.

Shida ni kijana mmoja anaitwa Willis, kiranja wa darasa. Miwani, kola safi, akiongea anakunja kidole. Nilipotaja baba yangu mara ya pili alisimama.

"Mzee, chanzo chako ni gani? Ni cha msingi ama ni cha kusikia?"

"Ni cha baba yangu."

"Baba yako ulimsikia akisema?"

"Nilisikia watu wakisema wamemsikia."

"Hicho basi ni cha kusikia kilichosikiwa."

Wakampigia makofi. Mimi nimewahi kuongea na polisi wa nchi nne kwa usiku mmoja nikawashinda wote, na hapa nimekamatwa na mtoto anayenyolewa na mamake. Lakini Madam alisema kazi yangu ina uhai, na akaandika kwa ubao jina kwa herufi kubwa, OSIAKO, MPIGA KURA WA KWANZA. Nilikaa nikiangalia hilo jina mpaka kengele ikalia. Sijawahi kuona jina la baba yangu limeandikwa na mwalimu.

Nimechaguliwa kusoma Siku ya Historia, lakini nikiwa na shahidi tu. Kwa hivyo nipe sentensi moja ya mama. Moja tu.

Umeuliza kwa nini sitaki ajue. Ndama ananiita, nitaandika siku nyingine.

Philip Osundwa, Kidato cha Tatu Mashariki


Voi,
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Khotsa,

Poleni na kupanda. Sisi tuko likizo, na Mark ana jino, anauma kila kitu, hata biblia ya Kukhu ameionja.

Sentensi yako imepatikana. Nilimkamata Kukhu akimwogesha mtoto, mahali hawezi kukimbia. Nikamuuliza: Baba yake Philip alikuwa wa kwanza kupiga kura, ni kweli? Akasema hivi, nimeandika kama alivyosema:

"Huyo hakuenda kula. Alienda kula."

Nikamwambia, Kukhu, umesema kitu kimoja mara mbili. Akasema, hapana, nimesema vitu viwili. Nikamwambia arudie. Akarudia, na kwa masikio yangu bado ni kitu kimoja. Basi akatoa mkono kwa maji, mara ya kwanza akaufanya kama mtu anatumbukiza karatasi kwa sanduku, akatikisa kichwa. Kisha akafinya tonge akalipeleka mdomoni, akakubali kwa kichwa. Povu likamwingia puani.

Yaani Babu alienda huko kula chakula.

Samahani, Khotsa. Ningeweza kukwambia hakumbuki. Nilifikiria kufanya hivyo wiki nzima.

Mitchel


Navakholo,
4 Mei 2025

Mitchel,

Salamu kwa wote. Huku tuko sawa.

Nimesoma barua yako kwa shamba la miwa mahali hakuna mtu. Basi. Jina la baba yangu limekaa kwa ubao, sasa nirudi niseme alikuwa mtu wa kufuata sufuria? Mbele ya chifu? Willis atakunja vidole vyote.

Kusoma uwongo sitasoma. Ukweli huu pia siwezi kuubeba kwa mdomo. Sweta nimeifua nimeikunja. Kuna mtu Malaba anatafuta dereva, na mgongo umepumzika vya kutosha.

Usimwambie mama nimekasirika. Mwambie mtandao.

Philip


Voi,
Jumanne, 13 Mei 2025

Khotsa,

Hii nimeituma kwa basi la usiku ili ikufikie kabla hujafanya ujinga. Salamu ziko nyingi, utazipata mwisho.

Nilimsomea Kukhu barua yako yote. Sikuruhusiwa, najua. Yeye alisema tangu Februari alijua uko shule. Eti mwanamume mwenye simu mbili akianza kununua stempu, yuko jela au yuko shule, na kama ni jela Jescah angepiga simu. Kisha akaniambia nichukue kalamu na nisiguse maneno yake. Hapa chini ni yeye.

"Philip mwanangu. Umeskia nusu ukakimbia, ulikuwanga hivyo hata ukiwa mdogo. Sasa keti usikie ingine.

Karani wa chifu alipita na baiskeli akipiga kelele, kesho ni siku ya kula, watu wazima wote waende kula kwa uwanja wa misheni, Uhuru unakuja. Huyo karani alikuwa mtu wetu, alisema kama sisi tunavyosema. Wale walikuwa wamesoma walijua ni karatasi. Baba yako hakuwa amesoma. Alisema, hawa wazungu wameamua kutuaga na nyama. Akachukua sahani, ile ya bati ya maua mekundu niliyokuja nayo kwa ndoa, akafunga chumvi kwa jani la ndizi, akaenda kukiwa bado na umande ili apate paja. Mimi nilimfuata. Na nyuma yetu wengine walikuja, wengi, na masahani na mabakuli.

Mlango ukafunguliwa, akaitwa wa kwanza. Karani wa ndani alimpa karatasi, akamwonyesha sanduku, akamuuliza, na hiyo sahani ni ya nini?

Philip, baba yako alikuwa mtu wa aibu kama wewe. Aliangalia sahani. Aliangalia watu wote wamesimama na sahani wakimwangalia. Angesema ukweli, wangechekwa mpaka leo, yeye na wao. Akajibu, ni ya kuwekea hii karatasi, isichafuke na mikono ya shamba. Akaenda kwa pazia, akaweka alama yake, akaikunja, akaiweka katikati ya sahani, akaibeba na mikono miwili kama mtu anapelekea mgeni chai, mpaka kwa sanduku.

Basi wale wa nyuma wakafikiri ndivyo inafanywa. Kila mtu akapeleka yake kwa sahani. Wasiokuwa na sahani wakaazima. Karani hakuzuia, naona alifikiri ni mila yetu.

Jioni alichinja jogoo wake akalisha laini yote, ndiyo asiseme mtu alirudi na njaa.

Aliniambia nisiambie watoto mpaka wapate akili. Nimengoja wewe upate. Sasa nasikia uko shule."

Hapo amemaliza. Ameongeza tu kwamba hiyo sahani iko jikoni kwako. Ndiyo Jescah anakuwekeanga obusuma. Ile yenye ua moja limebanduka karibu na ukingo.

Babu alikwenda kula, Khotsa. Na alipiga kura wa kwanza. Madam wako ana neno la vitu kama hiyo sahani, utaniambia ni lipi.

Mpwa wako anayekungojea,
Mitchel


Navakholo,
Jumapili, 8 Juni 2025

Kwa Mitchel, mwalimu wa walimu, na kwa mama yangu Jael aliyeketi hapo karibu, najua, sogea mama usizuie taa,

Tuko salama, tena sana. Mahindi yameanza kutoa nywele. Yule jogoo amerudi na hataki kusema alikuwa wapi.

Barua ya basi nilipewa nikiwa stendi ya Kakamega na begi mkononi, naelekea Malaba. Nilisoma nimesimama. Nilipofika kwa karatasi iko katikati ya sahani, nilikaa chini kwa begi nikacheka mpaka mama mmoja wa ndizi akaniuliza kama nina mtu. Nikamwambia niko na baba. Nikarudi nyumbani, nikaingia jikoni moja kwa moja. Jescah alikuwa amepakua. Nikamwaga ugali kwa sinia, nikaenda na sahani nje kwa mwanga. Miaka yote hiyo nimelamba historia na kidole.

Ijumaa ya Siku ya Historia nilivaa sweta. Chifu alikuwa mbele, wazazi wamejaa, wazee wa mtaa wamepewa viti vya plastiki. Nilikuwa nimefunga sahani kwa gazeti. Willis alikuwa ndiye anaita majina, akasema kwa maikrofoni, "Sasa Mzee Philip, ikiwa ana chanzo."

Nikafungua gazeti.

Nikawaambia yote, mama. Karani na baiskeli, chumvi kwa jani, paja. Sikuficha njaa. Mwanzo walicheka ile ya kumcheka mtu, na masikio yangu yaliwaka. Lakini nilipoinua sahani na mikono miwili nikatembea polepole mpaka kwa meza ya chifu, kama baba, walinyoosha shingo waone. Halafu wakacheka ingine tofauti, ya kumpenda.

Willis akainua kidole. "Lakini nani anathibitisha ni sahani hiyo?"

Kabla nijibu, mzee mmoja akainuka na mkongojo kwa viti vya plastiki. Ni Makhanu, wa kule kwa mto, mama unamjua, yule hasikii vizuri. Akaja mpaka karibu, akaichukua, akaigeuza, akapapasa lile ua lililobanduka.

"Hii naijua. Mimi sikuwa na sahani siku hiyo. Osiako aliniazima."

Madam akamuuliza kwa sauti kubwa, "Mzee, na wewe ulikuwa umekuja kula?"

"Mimi nilikuja kupiga kura," akasema, na R yake nzito kama ya redioni. "Mimi nilikuwa nimesoma. Lakini nilijua sahani ni sheria ya serikali. Miaka yote nimeshangaa kwa nini baadaye waliacha kutuitisha."

Mitchel, chifu alilia kwa kicheko mpaka kofia ikaanguka. Shantel aliteleza kutoka kwa benchi. Willis alivua miwani akaifuta, akaja kunisalimia kwa mkono, akasema, "Mzee, hicho ni cha msingi." Kijana mzuri. Nitamfundisha kuendesha.

Madam Jeruto aliandika kwa ubao maneno mawili, KULA na KURA, na chini yake jina la baba tena. Hajafuta. Mfagiaji ameambiwa apitie kando.

Mama, Mitchel aliuliza kwa nini sikukuambia. Ni kwa sababu huko kanisani unaniitanga mwanangu wa Kigali kwa sababu ya trela, na nilidhani ukisikia nimerudi kwa daftari utakosa jina la kuniita. Basi. Nimesema.

Sasa kuna jambo moja. Mwezi ujao shule ina mkutano wa wazazi, na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu lazima aje na mzazi wake. Nilimwambia mwalimu mkuu mimi mwenyewe ni mzazi wa watu. Akasema sheria ni sheria. Jescah alijitolea, wakamkataa.

Kwa hivyo mama, mwache Mark na mamake kidogo, panda basi uje. Utakaa mbele, na nitakuletea maji. Kuna mambo mawili siku hiyo: asubuhi wazazi watamchagua mwenyekiti wao, mchana mbuzi.

Kura iko na kula iko. Nimeosha sahani, utaibeba wewe.

Mwanao,
Philip Osundwa
Kidato cha Tatu Mashariki